Shule za msingi za umma vijijini Haut-Katanga (Kongo): maswali ya wazazi kuhusu pesa na matokeo

Majibu haya yameandikwa kwa wazazi, wajumbe wa COPA (kamati ya wazazi wa shule) na madirekta wa shule ndogo katika teritwari za Kipushi, Kambove, Sakania, Kasenga, Pweto na Mitwaba. Aliye Lubumbashi mjini atakuta mengi ya kumfaa, lakini shule ya Kamalondo na shule iliyo ndani ya pori, njia ya Kasenga, haziumwi ugonjwa mmoja.

Shule ya misheni ni ya serikali au ya kanisa?

Ni ya umma. Mikataba ya mwaka 1977 kati ya Serikali na makanisa ndiyo iliyoweka utaratibu huu: Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu wanaendesha shule, Serikali inalipa walimu, programu ni ya taifa na mtihani ni mmoja. Ndizo zinazoitwa conventionnées. Zile ambazo Serikali inaziendesha yenyewe ni officielles, au ENC (écoles non conventionnées).

Kwa mzazi tofauti kubwa ni njia ya barua. Shule officielle inaandika kwa sous-division, yaani ofisi ya elimu ya eneo. Shule ya kanisa inapitisha barua kwanza kwa coordination, ofisi ya dhehebu lake inayosimamia shule. Barua ikiruka ngazi inarudishwa bila kusomwa, na kwa shule ya mbali huo ni mwezi umekwenda. Kabla ya kuandika lolote, uliza direkta: karatasi zetu zinapita kwa nani?

Gratwite (masomo bila malipo) inafunika nini hasa?

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na haina malipo. Neno hilo lilikaa kwenye karatasi miaka kumi na tatu. Utekelezaji ulianza kweli Septemba 2019.

Kilichoondolewa ni pesa ambayo mzazi wa darasa la kwanza hadi la sita alikuwa akitoa ili mwalimu aishi (ile prime) na ili shule inunue chaki. Daftari, kalamu, sare, viatu na chakula vimebaki kwa mzazi. Wapo wanaosema "masomo ni bure" halafu mtoto anakaa Oktoba nzima bila daftari. Huyo hajafaidi gratwite; amekuja shuleni kuangalia ubao.

Sekondari ni habari nyingine. Huko malipo yapo kisheria, na kila mwaka wa masomo gavana wa jimbo anatia sahihi arete, yaani amri ya maandishi, inayotaja kiasi. Nakala ya arete iwe imebandikwa mahali mzazi anapita. Isipokuwepo, COPA iiombe kwa maandishi. Kiasi kisichomo ndani ya arete hakina mguu wa kusimamia.

Pesa ya serikali inafikaje kijijini kwetu?

Kwa mifereji miwili, na watu wengi wanaichanganya.

Mfereji wa kwanza ni mshahara. DINACOPE, ambayo wazee bado wanaiita SECOPE, inatayarisha listi ya walimu. Pesa inapita benki hadi kwenye konti ya kila mwalimu. Pale ambapo benki haifiki, walipaji wengine wametumika, Caritas ikiwa mmojawapo. Direkta hagusi pesa hiyo, na COPA pia haina la kuisimamia.

Mfereji wa pili ni frais de fonctionnement, pesa ya kuendesha shule. Inatoka kwa jina la shule, na direkta ndiye anayeipokea. Ni kwa chaki, rejista, kufuli, bawaba ya mlango, karatasi za mitihani ya ndani na safari za kupeleka ripoti. Ni pesa kidogo, na inachelewa. Inapochelewa direkta anakopa chaki dukani, na ikifika imekwisha liwa na deni. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, kwa sababu wazazi wamesikia "pesa imeingia" na hawaoni chaki hata moja mpya. Dawa yake ni daftari: deni lile liwe limeandikwa siku lilipochukuliwa, na dukani na kiasi, si siku pesa ilipoingia.

Mwalimu wetu anafundisha mwaka wa nne bila mshahara. Kwa nini?

Hili ndilo swali lenyewe. Mengine yote kwenye ukurasa huu yanaliegemea.

Mwalimu anaweza kuwa na diploma, darasa na watoto sitini, na bado Serikali haimjui. Anaitwa NU (nouvelle unité). Aliyeingia kwenye listi ya malipo anaitwa mekanize. Kati ya NU na mekanize kuna hatua, na faili hukwama katika mojawapo ya hizi.

Kwanza, shule yenyewe iwe na arete ya agrément, yaani ruhusa rasmi ya kuwepo, kutoka kwa waziri. Bila karatasi hii shule haipo machoni pa Serikali, hata kama ina madarasa sita ya matofali na bendera. Pili, shule iwe imetambuliwa na DINACOPE na kupewa namba. Tatu, muundo wa shule, yaani idadi ya madarasa yaliyoruhusiwa, ulingane na madarasa yaliyopo. Hapa shule nyingi ndogo huanguka: agrément ilitolewa kwa madarasa sita, watoto wakaongezeka baada ya Septemba 2019, direkta akafungua la kwanza B na la pili B, akatafuta walimu wawili. Wale wawili hawawezi kulipwa mpaka madarasa yale mapya yaidhinishwe, hata faili zao ziwe safi namna gani. Nne ndipo faili la mwalimu mwenyewe: diploma, barua ya kupangiwa kazi (commission d'affectation), uthibitisho wa siku aliyoanza kazi na kitambulisho.

Kwa darasa la msingi diploma inayotarajiwa ni D6, yaani diploma ya Serikali ya humanités pédagogiques. Mwenye diploma ya sekondari ya sehemu nyingine anaweza kuwa hodari darasani, lakini jueni mapema kwamba faili lake litaulizwa maswali.

Makosa ya kuudhi ni yale madogo. Jina kwenye diploma ni Ilunga Kabwe, kwenye kadi ni Kabwe Ilunga, kwenye commission ni Ilunga Kabue. Kwa macho ya kijiji huyo ni mtu mmoja. Kwa mashine ni watu watatu, na hakuna hata mmoja anayelipwa. Kabla faili haijaondoka, wekeni karatasi zote mezani na mtu mwingine, si mwenye faili, asome majina herufi kwa herufi. Toeni nakala mbili: moja ibaki shuleni, moja kwa mwalimu. Mkipeleka, dai accusé de réception, yaani nakala iliyopigwa muhuri na tarehe. Faili lisilo na muhuri wa kupokelewa likipotea, halikuwahi kuwepo.

Basi wazazi tunaweza kumlipa NU wenyewe?

Kumtoza kila mtoto wa msingi kiasi fulani na kumfukuza asiyelipa ni kuvunja gratwite, mkipiga kura au msipige. Tunajua linafanyika. Tunajua pia mwalimu asiye na chochote ataondoka Januari kwenda kutafuta kazi karieri (kwenye machimbo).

Jamii ina njia ambazo hazimgusi mtoto: shamba la mahindi ambalo wazazi wanalima na mavuno yanakwenda kwa mwalimu, nyumba ya kulala bila kodi, gunia la makala (makaa) kila mwezi. Viandikwe katika PV (kumbukumbu ya maandishi) ya mkutano kama msaada wa hiari wa kijiji, na jina la mtoto yeyote lisionekane kwenye orodha ya waliotoa au wasiotoa. Orodha ya namna hiyo ikifika darasani, mwalimu anajua baba wa nani hajatoa, na mtoto atalipia kwa macho tu ya mwalimu.

Shule jirani ilipata madawati, sisi hapana. Wanaangalia nini?

Mara nyingi wanaangalia fomu ya takwimu. Kila mwaka shule inajaza fomu: ST1 ni ya watoto wadogo wa maternelle, ST2 ya msingi, ST3 ya sekondari. Wanafunzi kwa darasa, kwa umri, wavulana na wasichana, walimu na diploma zao, madarasa ya kudumu na ya majani, vyoo, vitabu. Mtu aliye Lubumbashi au Kinshasa hajafika kwenu; anaiona shule kupitia ST2.

Direkta anayejaza usiku mmoja akiwa na taa ya simu atakosea. Kosa la kawaida ni kuacha kisanduku wazi pale jibu lilipokuwa sifuri: vyoo havipo, anaruka. Sifuri ingesema "tunahitaji". Kisanduku wazi hakisemi kitu. Kosa lingine ni kuongeza watoto hewa ili shule ionekane kubwa. Inspekta akihesabu vichwa na kukuta pengo, hata dai lenu la kweli halitaaminiwa tena.

Mjumbe mmoja wa COPA akae na direkta siku ya kujaza, rejista za madarasa zikiwa mezani. Kazi ya asubuhi moja.

Shule yetu ilipitisha 95% kwenye ENAFEP. Ni shule nzuri?

Labda. Asilimia hiyo peke yake haisemi.

ENAFEP, zamani TENAFEP, ni mtihani wa taifa wa kumaliza msingi: Kifaransa, hesabu na culture générale. Asilimia inahesabiwa kwa waliokaa kwenye mtihani. Sasa chukua mfano. Darasa la kwanza waliandikishwa watoto 60. Miaka sita baadaye walioandikishwa mtihani ni 20, wakapita 19. Tangazo mlangoni linasema 95%. Lakini kati ya wale 60 wa mwanzo, waliofika na cheti hata theluthi hawatimii. Shule nyingine ilianza na 60, ikapeleka 45, wakapita 36. Kwenye tangazo ina 80% na wazazi wananung'unika. Ukweli ni kwamba imefikisha watoto karibu mara mbili ya ile ya kwanza.

Kwa hiyo COPA iombe namba tatu pamoja: walioingia darasa la kwanza miaka sita iliyopita, walioandikishwa mtihani, waliopita. Wanaohama na wanaorudia darasa watavuruga hesabu kidogo, wala hilo halidhuru. Hamtafuti usahihi wa benki. Mkiona kundi kubwa linatoweka kati ya la nne na la tano, ulizeni kwa nini. Katika vijiji vilivyo karibu na karieri jibu huwa ni kuosha mawe. Kwa wasichana jibu ni lingine, na kila mzazi analijua.

Jihadharini pia na shule inayowazuia dhaifu wa la tano wasiingie la sita ili asilimia ipendeze. Kurudia darasa mara moja kunaweza kumsaidia mtoto. Kurudia mara ya tatu, kijijini, ni kumwambia aondoke.

Mtoto yuko la nne na hajui kusoma. Kosa ni la nani?

Tuanze na kupima, kabla ya kosa. Chukua kitabu cha kusoma cha darasa la pili. Chagua aya ya maneno kama sitini ambayo mtoto hajaikariri. Washa saa ya simu, asome kwa sauti dakika moja. Wewe weka alama ya kalamu kwenye kila neno analokosea au kuruka. Dakika ikiisha, hesabu maneno aliyosoma sawasawa, kisha muulize maswali matatu ya aya ile: nani, wapi, alifanya nini. Mtoto anayesoma maneno kumi kwa dakika akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshamtoka kichwani, ndiyo maana hawezi kujibu. Si mjinga, amechoka njiani.

Sasa sababu. Programu inataka darasa la kwanza na la pili lifundishwe kwa lugha ya taifa, kwetu Kiswahili, na Kifaransa kichukue nafasi kuanzia la tatu. Mtoto wa Kasenga au Sakania nyumbani anasema Kibemba, Kilala au Kilamba. Kiswahili anachosikia barabarani ni "niko naenda ku masomo". Kitabu kinamwambia "ninakwenda shuleni". Mwaka wa kwanza anajifunza herufi na lugha kwa pamoja. Akianza kuelewa kwamba ma na ma ni mama, anapanda la tatu na kukuta Kifaransa.

Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa, herufi haidanganyi. Kifaransa kinaandika beaucoup kwa herufi nane na kinatamka "boku". Kinaandika eau kwa herufi tatu, hakuna hata moja kati yake inayosikika kama ilivyo, sauti ni "o". Mtoto aliyekwisha kujua silabi za Kiswahili anavuka pale kwa taabu lakini anavuka. Aliyeingia la tatu bila silabi anakwama, na atabaki amekwama la nne, la tano, akinakili ubao kwa mwandiko mzuri sana asioweza kuusoma. Mwandiko huo ndio unaowadanganya wazazi: daftari safi, limejaa, alama ya mwalimu nyekundu chini.

Kinachosaidia ni kurudi nyuma bila aibu. Dakika ishirini kila siku kabla ya masomo, watoto wa la tatu hadi la tano wagawanywe kwa kiwango cha kusoma na si kwa darasa. Kundi la herufi, kundi la silabi, kundi la sentensi. Kadi zikatwe kwenye katoni za biskuti, silabi moja kila kadi: ba, ka, ri, bu, ma, nga. Mtoto aunde bukari, kanga, manga. Pimeni tena kwa dakika moja kila mwisho wa mwezi, na anayevuka ahamie kundi la juu siku hiyohiyo. Kazi hii haingoji fonctionnement. Inahitaji mwalimu mmoja mwenye moyo na direkta asiyeogopa kwamba inspekta atasema programu imerudi nyuma.

Darasani wako tisini. Masomo yanawezekana?

Kipimo kinachotajwa ni watoto 55 kwa darasa la msingi. Chumba cha mita 8 kwa 6 kina mita za mraba 48, kwa hiyo hata hao 55 hawana mita moja kila mmoja. Tisini hawakai, wanapandana.

Zamu mbili, asubuhi na mchana, ni nafuu kama mko na walimu wawili. Mwalimu mmoja akifanya zamu zote mbili, saa ya tisa mchana amebaki sauti tu. Tazameni vilevile msongamano uko wapi: kwa kawaida ni la kwanza na la pili, huku la sita lina watoto kumi na wanane katika chumba kilekile. Badilishaneni vyumba kabla ya kuomba jengo.

Siku ngapi za masomo zinapotea kweli?

Hesabuni wenyewe, kwa sababu kila kijiji kina mwizi wake. Mwalimu anayefuata mshahara mjini akitumia siku 3 kila mwezi, kwa miezi 10 ni siku 30: zaidi ya mwezi mzima wa masomo. Ongeza siku za mazishi, siku ambazo mto umefunga njia Januari na Februari, siku za vinkubala (viwavi vya kuliwa) ambapo nusu ya darasa iko porini na mama zao, na siku ambazo mvua inapiga mabati mpaka mwalimu hasikiki, akaacha.

Msimu hauzuiliki. Safari ya mshahara inapangika: walimu wasiondoke wote siku moja, watatu waende, watatu wachukue madarasa mawili mawili, kisha wabadilishane. Bandikeni kalenda ya karatasi kwenye mlango wa ofisi, na kila jioni mwanafunzi mkubwa aandike saa zilizofundishwa katika kila darasa, mjumbe wa COPA atie sahihi kila Jumamosi. Mwezi wa pili mtaona wenyewe ni darasa gani linaloumia. Madirekta wengine hawaipendi kalenda hii. Hiyo nayo ni habari.

Shule yetu ina watoto 70 tu. Itafungwa?

Shule ndogo inaweza kufanya madarasa pacha: la kwanza na la pili kwa mwalimu mmoja, la tatu na la nne kwa mwingine, la tano na la sita kwa wa tatu. Ugawaji huo unafuata digrii tatu za msingi, kwa hiyo programu haivunjiki sana. Sharti lake ni ubao mbili: kundi moja linafundishwa, lingine lina zoezi lililoandikwa tayari kabla ya kengele. Mwalimu anayeandika zoezi wakati watoto wanangoja hupoteza nusu saa kila siku. Walimu watatu wenye mshahara ni bora kuliko sita ambao wanne ni NU.

Kampuni ya mine iko jirani. Tunaweza kupata pesa ya shule huko?

Ndiyo, na kwa Haut-Katanga huu ndio mlango ambao sehemu nyingine za nchi hazina. Wengi wanabisha mlango usio wenyewe.

Sheria ya madini ilirekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Inagawa redevance, malipo ambayo kampuni inatoa juu ya thamani ya madini iliyouza, namna hii: 50% kwa Serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa ETD (utawala wa mahali, unaelezwa hapa chini) ambayo mradi uko ndani yake, 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa shaba kiwango ni 3,5%. Kampuni ikiuza shaba ya dola milioni 100, redevance ni milioni 3,5, na sehemu ya ETD ni dola 525.000. Mbali na hiyo, sheria inadai kampuni itenge angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka: kwa mauzo yaleyale, dola 300.000. Tena kuna cahier des charges, orodha ya kazi ambazo kampuni imekubaliana na vijiji.

ETD maana yake ni mji, komini, sekta au sheferi. Grupema, kundi la vijiji chini ya chifu mmoja, si ETD. Kijiji si ETD. Teritwari yenyewe si ETD. Ombi lililopelekwa kwa chifu wa grupema au kwa administrateur wa teritwari litapokelewa kwa heshima na kulala hapo. Lipelekeni ofisi ya sekta au sheferi, nakala kwa sous-division, katikati ya mwaka kabla bajeti ya mwaka unaofuata haijafungwa. Liwe na karatasi mbili tu: ukurasa mmoja wa hesabu ya watoto na madarasa kutoka ST2, na deviz (makadirio ya gharama) moja yenye vipimo. "Tunaomba shule" halihesabiki. "Vyumba vitatu vya mita 8 kwa 6, madawati 84 ya watu wawili, vyoo sita" linahesabika.

Na sasa onyo ambalo lingekuja kwanza kama ukurasa huu ungekuwa na swali moja. Jengo ni rahisi kupata kuliko mwalimu. Kampuni inapenda jengo kwa sababu linapigwa picha. Linajengwa, utepe unakatwa, na baada ya hapo inagundulika shule haina agrément, madarasa mapya hayamo kwenye muundo, na walimu wote ni NU. Miaka miwili mbele mbuzi wamelala ndani. Mnapoomba jengo, siku hiyohiyo anzisheni faili la madarasa mapya kwenye sous-division, na ndani ya makubaliano na kampuni tajeni nani anafuatilia faili hilo na kwa nauli ya nani. Nauli ya kufuatilia karatasi ni sehemu ya ujenzi kama ilivyo saruji.

Mlango mwingine ni PDL-145T, mpango wa Serikali wa kujenga shule, vituo vya afya na ofisi katika teritwari zote 145. Ulizeni kwenye teritwari kama kijiji chenu kimo. Kama hakimo, msikae kungoja.

Tunasomaje daftari la hesabu la shule bila kuwa wahasibu?

Livre de caisse ina safu za tarehe, maelezo, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Angalieni vitu vitatu. Tarehe: kama mistari ya miezi mitatu imeandikwa kwa kalamu moja na mwandiko wa haraka uleule, daftari limejazwa jana kwa ajili yenu. Maelezo: "matumizi mbalimbali" si maelezo. Salio: hesabuni pesa iliyo kwenye sanduku mbele ya wote, ilingane na mstari wa mwisho. Kila mwezi COGES (kamati ya uendeshaji wa shule) ifanye hivyo na kuandika PV ya mistari mitano. Mwalimu mmoja na mzazi mmoja watie sahihi pamoja na direkta. Direkta mwaminifu analipenda jambo hili kuliko wengine, maana linamfunga mdomo mtu wa porojo.

Direkta amemrudisha mtoto nyumbani kwa ajili ya pesa. Tufanye nini?

Andika siku ile ile: tarehe, darasa, kiasi, aliyesema. Ulipewa risiti, itunze; hukupewa, andika hivyo. Peleka kwa rais wa COPA kwanza, kwani mara nyingi linakwisha hapo. Lisipokwisha ndani ya wiki, barua kwa sous-division (au kwa coordination, kama shule ni ya kanisa), nakala kwa PROVED, yaani mkurugenzi wa elimu wa jimbo. Mtoto arudi darasani wakati barua inatembea. Malalamiko ya wazazi wanane kwenye karatasi moja yanasomwa tofauti na la mmoja.

Baada ya la sita, vipi?

Kile ambacho sheria ya mwaka 2014 inakiita éducation de base ni miaka minane: sita ya shule ya msingi na miwili, la saba na la nane, inayomalizikia na TENASOSP, mtihani wa kuelekeza mtoto anakofaa. Kijijini la saba mara nyingi liko mbali, na hapo malipo, chumba cha kupanga na chakula vinakuja kwa mara moja. Anzeni kuweka akiba mtoto akiwa la tano.

Akiwa la tano pia kagueni jina lake. Namba ya SERNIE, huduma ya taifa ya kutambulisha wanafunzi, ndiyo itakayomfuata kwenye mitihani ya taifa, na jina lililoandikwa humo ndilo litakalotoka kwenye cheti na, Mungu akijalia, kwenye diploma ya Serikali. Direkta akuonyeshe mstari wa mwanao kabla orodha haijaondoka shuleni. Soma herufi kwa herufi, na cheti cha kuzaliwa mkononi.